Aliyemwamsha Joash

Zamani kidogo, ukipita soko la Daraja Mbili, ungemsikia mama mdogo Kemuma kabla hujaziona ndizi zake. Ni mdogo wake mama yangu. Mteja akilalamika, "Mama Joash, mbona ndizi zako ndogo hivi?" yeye alijibu papo hapo, "Si ndogo, zinaona haya mbele ya huo mdomo wako." Mteja alicheka na kununua.

Joash alikuwa mwanawe wa pekee, darasa la pili, mwoga wa ngurumo hata akiwa amejificha chini ya meza. Na huku kwetu Nyamira mvua hunyesha karibu kila alasiri! Mwaka jana, msimu wa mvua ndefu, radi ilimpiga uani. Alikufa palepale.

Kwenye mazishi, mchungaji wetu alisema kile tunachoamini sisi Wasabato: mtoto hajaenda popote. Amelala. Haoni, hasikii, wala hajui kama siku zinapita, mpaka Yesu atakapokuja kumwamsha. Nilimtazama mama mdogo. Lile neno "amelala" alilishikilia kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Hata hivyo aliacha kula, akaacha na soko. Nesi wa zahanati akamtuma kwa mshauri nasaha mjini Nyamira, Madam Akong'o, Mkatoliki kutoka upande wa ziwani. Mumewe, baba mdogo Makori, alinung'unika, "Unaenda kumlilia mgeni na kanisa tunalo?"

"Kanisani wananiambia nisilie," mama mdogo akamjibu. "Huyu ananiacha nilie."

Akaanza kupata nafuu, kweli. Madam alimuuliza Joash alipenda chakula gani, alikuwa mtundu kiasi gani, alilala upande gani wa kitanda. Akirudi nilikuwa namsumbua: "Mama mdogo, huwa mnaongea nini huko?"

"Wewe na maswali yako! Tunaongea, basi."

Lakini alisema akitabasamu. Akarudi hata sokoni.

Kisha siku moja, kama alivyonisimulia baadaye, akamwambia Madam jambo ambalo hata baba mdogo hakulijua. Mawingu yalipofunga siku ile, ni yeye aliyemtuma Joash akaanue nguo. Mtoto alisema, "Mama, naogopa." Yeye akamwambia, "Kimbia, kwani wewe si mwanamume?"

Alilia kule ofisini mpaka akakosa pumzi. Madam naye machozi yakamtoka. Akamshika mikono, akamwambia kile ambacho kwao mama aliyefiwa huambiwa: "Usilie, mama. Joash ni malaika sasa. Yuko macho kule juu, anakuona, anakusikia. Amekusamehe."

Alirudi nyumbani uso umebadilika. Mimi nilikuwa nachambua mboga.

"Bonareri, wewe uko sekondari. Mtu anayesikia si yuko macho?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na aliye macho, ngurumo ikipiga?"

Sikuelewa mpaka mvua iliyofuata. Ngurumo ya kwanza tu, alinyakua blanketi akatoka mbio hadi kaburini, pale kando ya migomba, maana sisi huzika nyumbani. Akalitandaza juu ya udongo, naye akalala juu yake. "Ni ngurumo tu, mwanangu. Mama yuko hapa." Radi zilikuwa zinapasua mlima! Baba mdogo alimbeba kumrudisha ndani, huku mama mdogo akimpiga ngumi za kifua.

Ikawa hivyo kila mvua. Kwa Madam hakwenda tena.

Ndipo Madam, aliposikia habari hizo, akaja mwenyewe. Alikaa sebuleni, chai hakuigusa.

"Mama Joash, nimekosa. Sikukuuliza wewe unaamini nini. Nilikuhurumia, nikakupa imani yangu. Kazi yangu hainiruhusu hivyo."

"Ulinipenda, Madam. Hilo sikatai. Lakini nilikuwa nimemlaza, wewe ukamwamsha."

"Mchungaji wako alikuambia amelala. Shika hilo."

"Nilimwendea tena. Akasema amelala. Nikarudi nyumbani nimetulia, mvua ikaja. Mchungaji hakuwa ananiona nikilia. Wewe uliniona. Ndiyo maana imani yako ndiyo imenikaa."

Madam akainamisha kichwa. Mama mdogo akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Sema ulinidanganya. Sema ulitaka tu ninyamaze. Nitakuamini. Nitarudi ofisini kwako, nitakula, nitalala. Sema tu, dada yangu."

Jamani, nilitaka aseme. Neno moja tu, nani angemlaumu? Baba mdogo, ambaye hakumtaka huyu mgeni tangu mwanzo, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama kama mtu anayeomba maji.

Madam alimshika mikono. Machozi yakamdondokea mapajani.

"Siwezi," akasema. "Naamini hivyo kweli. Nikikuambia siamini, hapo ndipo nitakuwa nakudanganya."

Mama mdogo aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Basi anasikia."

Nje upepo ulikuwa umeanza kuyapiga majani ya migomba. Alimwambia mgeni kwa adabu anywe chai isipoe, kisha akainuka, akaenda chumbani kutafuta blanketi kavu.