Shingo Ni ya Bunduki

Watu wakisikia habari ya bunduki fupi ya mitutu miwili hufikiria majambazi. Mimi huikumbuka kahawa ikikauka juani, na shingo ya nguruwe pori iliyopikwa na ndizi mbichi.

Niliishi nyumba moja na bunduki ya namna hiyo kwa miezi kumi na minne, kule Masoko, kwa mzee mmoja mjane ambaye shamba lake liliteremka mpaka kwenye msitu unaolizunguka ziwa. Kabla ya hapo sikuwahi kukaa mahali popote zaidi ya msimu mmoja. Shule niliiacha darasa la sita: nilitoka wakati wa mapumziko kwenda kutazama mafundi wakijenga daraja, na walipomaliza daraja nikaondoka nao. Baadaye nilipakia makaa ya mawe Kiwira, nikachuma chai, nikauza mitumba Msasani, pale Tukuyu. Kila kazi, nikishaijua ilivyo, hamu inaisha, nahama.

Mzee alitaka mtu wa kushinda kwenye kibanda mpakani mwa shamba. Ngedere walimaliza ndizi zake mchana kweupe, na nguruwe walifukua viazi alfajiri. Watoto wake wanne walikuwa wameondoka, mmoja Mbeya na watatu Dar es Salaam.

"Nyumba ina vitanda vitano na mtu mmoja," aliniambia. "Chagua."

Nilimwita tata, kama Wanyakyusa wanavyomwita baba, kwa sababu kila mtu pale alimwita hivyo.

Bunduki yake aliinunua ujanani kutoka kwa msimamizi wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao, kwa bei ya ndama dume. Ilikuwa ya bei nafuu tangu kiwandani, hata mtu asiyejua silaha angeona: haikuwa na nakshi, na maandishi machache iliyokuwa nayo yalikwisha kufutwa na viganja. Watu waliiita ile fupi. Jirani mmoja wa upande wa juu alikuwa na ndefu, nzuri, yenye maua yaliyochongwa kwenye chuma, lakini kila alipogeuka nayo kwenye migomba mdomo wake ulinasa majani, na nguruwe hakusubiri. Ile fupi iligeuka kama bakora. Kitako chake kilipata ufa kabla sijafika. Tata alikishonea ngozi mbichi ya ng'ombe ikiwa imelowa, na ngozi ilipokauka ikabana kuliko msumari. Ufa ule sikuuona ukiongezeka hata unywele.

Nilimwomba anifundishe ilivyo ndani. Akaikunja, akanionyesha bawaba, komeo, springi mbili, nyundo mbili. Nilitarajia zaidi.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Kitu chenye vipande vichache hakina mahali pa kuumwa."

Mtutu wa kulia ulitawanya chembe za risasi, wa kushoto ulizibana. Siku zote alianza na wa kulia. Sauti zao zilitofautiana, na baada ya miezi michache ningeweza kuzitambua nikiwa mtoni. Kibali kilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo mimi sikugusa kifyatulio hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kupiga madebe kuwageuza nguruwe waelekee kwenye kibanda, na kuifuta bunduki kwa mafuta ya cherehani yeye akinitazama. Mvua ya kule haina adabu. Chuma kisichofutwa leo, kesho kina kutu.

Kwa kweli ilifyatuliwa mara chache sana. Faida yake kubwa ilikuwa kuonekana. Tata aliiweka begani, akatembea mpakani asubuhi, na ngedere wakahama mti hadi mti mpaka ng'ambo. Siku moja nilikata fimbo ya urefu uleule, nikaipaka masizi, nikatembea kama yeye. Ngedere walikaa wakanitazama. Mmoja aliendelea kumenya ndizi.

Nguruwe alipoanguka, majirani walikuja na visu, na kila aliyefika alipata fungu. Shingo haikugawanywa, ilikuwa ya bunduki. Sijui nani alianzisha desturi ile katika mtaa wetu. Wanawake waliitania.

"Tata, bunduki yako ina uroho! Meno haina, lakini shingo haibaki!"

"Inatafuna polepole," alijibu.

Jioni aliipakua ile shingo kwenye sahani moja kubwa, akaiweka katikati yetu, akasema, "Haya, tuisaidie."

Hatukuwa na mazungumzo mengi. Kulikuwa na siku nzima ambazo sauti pekee niliyoisikia ni ya matone kwenye majani ya migomba. Kabla ya kulala aliomba kwa Kinyakyusa, lugha nisiyoijua, ila nilitambua alipofika kwa watoto kwa sababu sauti ilishuka na majina yakafuatana. Aliyataja manne. Katika mwezi wangu wa tisa pale nikasikia matano. La tano lilikuwa langu. Sikumwuliza. Lakini tangu usiku ule nilianza kupanda vitu vinavyochelewa kuzaa. Nilipanda parachichi nyuma ya jiko.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Risasi zake zilikuwa sita, nyekundu, za karatasi ngumu zenye kitako cha shaba. Msimu wa mvua karatasi huvimba, na risasi iliyovimba haiingii kwenye mtutu. Wengine huzianika darini juu ya moto, kama mbegu za mahindi, jambo la hatari. Tata alizianika juani, juu ya kichanja cha kahawa, pembeni kabisa, kwa sababu pale ndipo palipofikiwa na jua vizuri. Alikuwa na sharti moja: anayezilinda hainuki.

Siku hiyo mlinzi nilikuwa mimi. Ilikuwa Ijumaa. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na wanunuzi binafsi walianza kuja kununua kahawa mlangoni, mahali ambapo zamani tulijua ushirika peke yake. Lori lilipanda, likasimama kwa jirani. Karani akashuka na kimashine kidogo kama redio, akajaza punje kwenye kikombe chake, akabonyeza, akawaambia watu kahawa ina maji kiasi gani. Nilimwona kwa mbali. Kitu kinachoingia ndani ya punje na kuyaona maji! Nikainuka.

Nilikuwa nimeinamia kile kimashine, nikimwuliza karani kinajuaje, wingu lilipotua. Kule mvua haipigi hodi. Nilikimbia, nikakusanya kahawa yote kwa mikono miwili, nikaitia kwenye magunia, na risasi nikazitia mfukoni. Karani alikuwa na haraka kabla barabara haijawa tope. Magunia yakapimwa, yakapakiwa, lori likateremka. Ndipo nilipotoa risasi mfukoni nizirudishe kwenye kopo.

Zilikuwa tano.

Tata alizipanga mezani, akazihesabu tena. Jumatatu ilikuwa siku yake ya kupeleka bunduki kituo cha polisi Tukuyu, kuhuisha kibali. Pale huonyeshi bunduki tu. Unaonyesha risasi zilizobaki na maganda ya zilizopigwa.

"Risasi ikipotea," alisema, "wanataka kujua imempata nani."

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mashine ilikuwa nzuri?"

Nilisema ndiyo.

Bila bunduki, viazi na ndizi zingekwisha kwa msimu mmoja, na wala asingekuwa na haja ya mtu kibandani. Jumamosi nilianza safari kabla hakujapambazuka vizuri, kwa miguu, hadi Msasani, kwenye ghala la yule mnunuzi. Ndani walikaa wanawake kumi hivi wakichambua kahawa kwenye nyungo. Niliogopa kulitaja jina la kitu chenyewe, maana ujambazi wa madukani ulikuwa umeanza kusikika.

"Natafuta kitu changu, dada zangu. Kilipotea kwenye gunia."

"Kitu gani, kaka?"

"Chekundu. Kama kidole."

Wakaangua kicheko ghala zima.

"Kidole chekundu! Huyu katafunwa na nani?"

"Muangalieni mikono kwanza!"

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango hakucheka. "Kina shaba chini?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikiokota jana jioni. Nilidhani betri. Karani alipokiona alibadilika rangi, akakipeleka polisi mwenyewe, mbio mbio."

Wote wakarudi kwenye nyungo zao. Ningeweza kurudi Masoko na kusema sikuipata. Nikajikung'uta vumbi la kahawa. Kisha nikapanda kituoni.

Askari aliyekuwa kaunta alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani. Risasi ilikuwa ndani ya kikombe cha chai kilichokatika mkono.

"Yako hii?"

"Ya mzee wangu, afande. Ana kibali."

"Na wewe umo kwenye kibali?"

"Simo."

"Sasa ilikufikiaje?"

Nikamweleza yote: unyevu, kichanja, wingu, mashine. Alivua miwani.

"Uliacha risasi ukaenda kutazama mashine?"

"Ndiyo, afande."

"Enhe, inafanyaje kazi?"

Nikamweleza nilivyoelewa. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata faida. Kisha akafungua daftari, akachukua kalamu.

"Wewe ni nani kwa huyo mzee?"

Niliwaza haraka. Nikijiita mwanawe, kosa litakuwa la nyumba yake. Nikiwa mtu baki, litakuwa langu.

"Kibarua tu, afande. Si ndugu yake. Hakujua kama nimezishika."

Akaandika. Niliweka kidole gumba chini ya maneno yale, ingawa kuandika ninajua.

Nilipomsimulia tata jioni ile alisema, "Umefanya vema kwenda. Ndaga." Yaani asante. Hakuuliza niliandikisha nini.

Jumatatu tulikwenda pamoja, bunduki ikiwa imeviringishwa kwenye gunia. Yule yule askari aliikunja, akatazama ndani ya mitutu kuelekea dirishani, akapiga mluzi.

"Mzee, hii imezaliwa lini? Ndani inang'aa kuliko zetu."

"Huyu ndiye anayeifuta," tata akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Askari akanitazama juu ya miwani. Alizihesabu tano, akaongeza ile ya kikombeni, akaandika sita, na kibali kikagongwa muhuri. Kisha akasema kuna sharti. Silaha na risasi haziwezi kukaa mahali ambapo mtu baki anazifikia. Kama ni mtoto wa nyumbani, mwenye kibali anamdhamini na kuweka sahihi, yamekwisha. Kama ni mtu wa kuja, aondoke, au bunduki ibaki kituoni.

"Ni mwanangu," tata alisema papo hapo. "Leta nisaini."

Askari aligeuza kurasa za daftari, akaligeuzia upande wetu, akaweka kidole. Tata hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma neno moja moja, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye alama ya gumba langu.

"Kasema mwenyewe, mzee," askari alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi kulifuta."

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele na gunia lenye bunduki. Karibu na nyumbani alisema, "Ungeniuliza kwanza."

Niliondoka Jumatano asubuhi. Alinijazia mfuko ndizi za kuiva, nyingi kuliko nilizoweza kubeba. Akasema, "Ukipita, pita mchana. Nitakuwa nje." Parachichi lilikuwa limefika magotini. Nililimwagia maji japo mvua ilikuwa imenyesha.

Nilikuwa nimefika juu ya kilima, ukungu bado umeshika mabonde, nilipoisikia. Mtutu wa kulia, ule unaotawanya. Nikasimama kungoja wa kushoto. Haukulia. Labda nguruwe alianguka kwa mmoja, ingawa hapakuwa na mtu wa kupiga madebe. Labda alikimbia, na tata alikuwa kibandani akiikunja ile fupi peke yake, akitoa ganda na kulitia mfukoni kwa ajili ya mwakani.

Nilisubiri mpaka suruali ikalowa umande. Kama alianguka, majirani walikuwa wameshaanza kushuka na visu, na jioni ile kungekuwa na shingo nzima kwenye sahani kubwa, na mtu mmoja wa kuisaidia.