Fundo Kwenye Kona ya Shuka

Pale gesti walimwita Mama Foronya, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Wiki yake ya kwanza kazini alimgomea mwenye nyumba mbele ya wageni, akasema yeye hatandiki mto wenye foronya iliyotoboka hata kama anayeulalia ni mwizi wa kuku. Mwenye nyumba alicheka, akanunua foronya mpya, na jina likaganda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ungedhani ameiazima kwa mtu mwingine, na mdomo usio na breki.

Gesti yenyewe haikuwa na makuu. Vyumba vilijipanga kando ya barabara kuu, kila kimoja na kitanda chake cha chuma, chandarua, ndoo, na kandambili zilizopigwa namba kwa rangi nyekundu ili zisisafiri na wageni. Ukutani kulikuwa na tangazo: Mgeni asipike chumbani. Mgeni asifue chumbani. Mgeni alale. Sijui nani alitunga, lakini hakuna aliyewahi kulilalamikia.

Watu hawakupanga kulala mji ule. Walilala kwa sababu gari limekufa, au giza limewakuta, au mke amesema asimwone mtu usiku huo. Mama Foronya hakuwaona wengi wao, maana yeye aliingia kazini asubuhi na kutoka alasiri. Aliwajua kwa vitanda vyao. Mlevi hukivuruga upande mmoja tu, ule alioangukia. Mwenye mawazo huacha shuka limesokotwa katikati. Mwenye kinyaa hulala juu ya blanketi na nguo zake zote, halafu asubuhi anadai chumba kilikuwa na baridi. Aliyelia alimjua kwa mto, na huyo alimfulia foronya bila kumsimulia mtu. Kwa mengine yote alisimulia, tena kwa mikono na miguu.

Kutandika alifundishwa na mama yake, aliyekuwa dobi wa shule ya bweni. Kona ya shuka ilikunjwa mara mbili, ikapigwa kiganja, ikakaa kama bahasha iliyofungwa. Mama alitandika hivyo vitanda vya watoto wa watu mchana kutwa. Nyumbani kwake kilikuwepo kitanda kimoja cha watoto wawili, na shuka la kujifunika lilikuwa moja.

Watoto hao ni Mama Foronya na mdogo wake wa kiume, kitindamimba. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kwa vile kijana alikuwa akirusha miguu usingizini kama anayecheza mpira, dada yake akamwita Mateke. Ugomvi wao ulikuwa ni shuka. Huyu analivuta, yule analivuta, mpaka mama anaamka na kandambili mkononi. Mwisho mama akaamua kesi: kila mtu afunge kona yake kwenye chuma cha kitanda, upande wake, na atakayefungua ya mwenzake atalala chini. Akawaonyesha fundo lenyewe, lile alilofungia mafurushi ya nguo chafu, kitanzi ndani ya kitanzi, mkia umechomekwa kwa ndani. Tangu hapo kukawa na amani. Walipendana sana wale watoto, tuseme ukweli. Mateke alikuwa hali embe bila kumwachia dada kokwa la kufyonza.

Wakakua. Mateke akaenda mjini, akawa fundi wa majokofu. Dada akabaki, akaolewa, akamtunza mama. Mama alipougua, Mateke alitaka apelekwe hospitali kubwa. Mama hakutaka. Alimshika binti yake mkono akamwambia, "Usiniache wakanipeleka nikafie kwa watu nisiowajua." Binti akaahidi, na akasimama kwenye ahadi hiyo hata mdogo wake alipopiga simu akifoka. Mama akafa kitandani kwake. Mateke akafika msibani macho mekundu, na mbele ya wakwe, majirani na wapika chai, akasema: "Mama umemuua wewe. Wewe na ubishi wako."

Kwa mara ya kwanza mdomo ule usio na breki ulisimama wenyewe.

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa jikoni kwake anachambua mchele, akasikia sauti mlangoni. "Hodi." Aliijua. Aliviona hata viatu, maana mlango ule ulikuwa na uwazi chini. "Hodi, dada." Ungo ukatulia mapajani. "Hodi jamani, wenyewe." Hakuitika. Vile viatu vilisimama pale kwa muda, vikageuka, vikaenda zao. Baadaye mumewe alipata kazi ya ghala katika mji huu wa barabarani, wakahama bila kumwambia Mateke. Miaka sita ikakatika pasipo simu wala salamu. Watu wanaweza kukosana kwa neno moja lililotamkwa, lakini wale wawili walikuwa na mawili, moja lililosemwa na moja lililokataliwa kusemwa, na kila mmoja alikuwa amekumbatia la mwenzake.

Sasa, juzi hiyo mvua ilinyesha ikakata barabara karibu na daraja. Basi la abiria likakwama mjini jioni, na abiria wakagawanywa kwenye magesti kama mizigo. Mama Foronya alikuwa ameshaondoka. Alipofika asubuhi, greda lilikuwa limemaliza kufukia shimo, basi linanguruma nje, na abiria wanakimbizana na mswaki mdomoni.

"Mama Foronya, leo utaipata," alisema dada wa mapokezi. "Vyumba vyote vimejaa. Ila umesifiwa. Kuna baba mmoja wa namba sita, jana kaingia chumbani dakika hiyo hiyo katoka, ananiuliza, 'Nani anatandika vitanda hapa?' Nikamwambia ni Mama Foronya, mfupi, ana mikono hivi, ana maneno hivi. Akarudi zake ndani. Nikajua shuka zimemvutia."

"Wangesifu kwa bakshishi ningeelewa," alisema Mama Foronya, akachukua fagio lake.

Namba moja alilala mlevi. Namba tatu walilala mama na mtoto aliyekojoa. Akafika namba sita, akasukuma mlango, na hapo fagio likamtoka mkononi.

Mto ulikuwa umehamishiwa upande wa miguuni. Na kona ya shuka la juu, upande huo huo, ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha kitanda. Alisogea akaligusa lile fundo. Kitanzi ndani ya kitanzi, mkia umechomekwa kwa ndani.

Akashikilia chandarua. Halafu hasira ikampanda, ile ile ya msibani, mbichi kabisa. Basi ndiyo hivyo, akajisemea. Mtu mzima, ana mvi, bado anafunga shuka kama mtoto. Mazoea tu. Amekuja amelala, anaondoka, na aende salama. Mimi nimemuua mama, sina maneno na yeye. Nje basi lilipiga honi. Akainama kulifungua fundo lile, akikazana kwa kucha, na moyo ukimuuma kiasi kwamba alilaani kwa sauti.

Lilipofunguka, akalivuta shuka alitoe. Halikuja kirahisi. Kona za upande wa pili zilikuwa bado zimebana chini ya godoro kama bahasha, vile alivyoziacha jana. Akapitisha kiganja juu ya kitanda. Mikunjo ya pasi ilikuwa palepale. Mto haukuwa na shimo la kichwa. Mahali pamoja tu godoro lilikuwa limebonyea, ukingoni, panapotazamana na mlango.

Mwanamke yule alikuwa ametandika vitanda vya kutosha kujua alichokuwa anakiona. Kitanda hiki hakikulaliwa. Mtu aliketi pale ukingoni usiku kucha akiutazama mlango, na mtu ambaye halali hana haja ya kujifungia shuka. Mateke aliziona kona za mama yao. Aliuliza, akaambiwa. Hakuwa na uso wa kuja kutafuta nyumba. Akafunga fundo lile kwa ajili ya mikono itakayokuja kulifungua, akaenda kukaa ndani ya basi na kungoja.

Ilikuwa hodi. Alikuwa amepiga hodi tena.

Honi ikalia mara ya pili. Mama Foronya alitoka mbio na shuka begani, akampita dada wa mapokezi, akavuka uwanja wenye matope, kandambili moja ikabaki huko huko. Basi lilikuwa limeshaanza kusogea. Akalipiga ubavuni kwa kile kiganja chake kikubwa mpaka likasimama.

Konda alichungulia mlangoni, akaliona lile shuka, akaona na yule mama anavyohema, akaelewa anavyoelewa yeye. Akageukia ndani. "Jamani! Nani kaiba shuka la watu? Mtoeni twende, tumechelewa!"

Abiria wakaanza kutazamana mabegi. Mmoja akaapa kwamba yeye la kwake amekuja nalo kutoka nyumbani. Kutoka viti vya nyuma akasimama mwanamume mwembamba mwenye mvi, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema.

"Mzee mzima!" konda akasikitika.

Mateke alikuja taratibu kati ya viti mpaka kwenye ngazi, akasimama hapo. Alikuwa amekonda. Alikuwa na uso wa mama, hasa kidevu. "Dada, yale maneno yangu ya siku ile…"

Dada alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyatunga miaka sita jikoni na kwenye korido za gesti, mengine makali kweli kweli. Lakini alichoona ni viatu, pale kwenye ngazi, vimesimama vinangoja kama vilivyongoja siku ile chini ya mlango.

"Karibu," alisema.

Akalirudia. "Karibu, Mateke. Karibu ndani."

"Ndani wapi tena, mama?" konda akauliza. "Huku nje ni matope tu."

Lakini Mateke alikuwa ameshavua viatu. Akavishika mkononi, akateremka.