Mdudu Nisiyemwona

Juu ya fundo la mguu wangu wa kushoto, upande wa ndani, nina kovu dogo kama punje ya maharage. Wajukuu wakiniuliza huwaambia nilijikata na jembe. Si kweli. Mguu huu nimeusemea uwongo mara mbili, na ule uwongo wa kwanza nusura uniue mimi na mtu mwingine asiye na kosa. Leo naandika, kwa mwandiko wangu wa darasa la ubatizo, maana wote niliokuwa nikiwaogopa wamekwisha tangulia.

Mimi ni mtu wa ziwani, Ngumbo. Kwetu wadudu tunawala. Wapo wale wanaotoka majini kwa wingu, ukiwaona kwa mbali utadhani ziwa linaungua, nasi tulikuwa tukizungusha vikapu hewani tukawakamata, tukawafinyanga vidonge vyeusi, tukavikausha. Mama yangu alivipenda kuliko nyama. Basi mtoto aliyekua akitafuna wadudu angemwogopa mdudu gani? Nasema hivi mjue kwamba sikuwa mwoga. Uoga nilifundishwa huko juu.

Niliolewa Mkumbi, milimani. Mume wangu alikuwa akishuka ziwani na maharage, akirudi na usipa mkavu, dagaa wa kwetu, na safari moja akarudi na mimi. Aliniambia ana shamba zuri. Hakuniambia kwamba shamba lenyewe limesimama kama ukuta. Mwaka haujaisha akaenda Tanga kukata mkonge, kama vijana wengi baada ya ile vita ya Hitla, akaniacha na mama yake.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Ulimi wake tu ulikuwa na makali. Kimatengo changu kilikuwa cha kuokoteza, akaona heri aseme nami Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho aliniita "mla samaki" asubuhi na jioni. Mpakani mwa shamba letu alikaa bibi mmoja peke yake. Huyo ndiye aliyenifundisha kulima ngolo. Wanaume wanafyeka majani, wanayalaza chini kwa mistari inayokatana kama wavu. Sisi wanawake tunachimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuyafunika majani, mlima mzima unabaki mashimo mashimo, mvua inakaa humo badala ya kuteremka na shamba lako. Mgongo wangu ulikuwa haujui kazi ile. Yule bibi alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, jembe lisikupige wewe, lipige udongo," na kucheka peke yake.

Watu walimwogopa. Alikuwa amezika watoto sita, na baada ya wa sita akaacha kwenda misibani. Kwao jambo hilo lilikuwa ushahidi tosha wa uchawi. Asiyelia misibani, walisema, analo linalomfurahisha. Mimi niliona mtu aliyeishiwa machozi.

Sasa mdudu. Tulikuwa wanawake saba tukifunika majani, mvua zikielekea kwisha. Nilitia mguu kwenye majani yaliyolazwa nikahisi kitu kama cheche ya moto. Nikaruka. Nikayapindua majani kwa jembe, sikuona kitu. Si nyigu, si tandu, si siafu. Mguuni kulikuwa na alama ndogo tu.

"We mla samaki, umechoka tayari?" mama mkwe akaniita kutoka juu.

"Nimeumwa, mama."

Majembe yote yakanyamaza. Nakumbuka ule ukimya kuliko maumivu yenyewe. Mama mkwe akauliza neno moja:

"Umemwona?"

Katika ukoo ule, mdudu uliyemwona ni mdudu. Usiyemwona si mdudu, ametumwa, na aliyemtuma hana budi kutafutwa. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu mwezi wangu wa kwanza pale. Na kabla sijafungua mdomo, macho ya mama mkwe yalikuwa yamekwisha kwenda mpakani, kwa yule bibi aliyekuwa ameinama analima kipande chake. Wengine nao wakafuata macho yake.

"Nimemwona," nikasema. "Nyigu."

"Nyigu! Ndiyo unaruka hivyo? Huko kwenu hamna nyigu? Paka mate na udongo, twende kazi."

Wakacheka, majembe yakaendelea. Nikajiona nina akili.

Mtu akiumwa na mdudu, siku ya kwanza huuma, ya pili huwasha, ya tatu umesahau. Wangu alikwenda kinyume. Siku ya pili fundo la mguu lilikuwa limevimba na lina joto, ungeweza kuuota kama moto. Siku ya tatu nikasikia moyo wangu umehamia mguuni, unapiga kule chini, dundu, dundu, hata nikikaa. Nikatazama upande wa ndani wa mguu nikaona mstari. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani upesi, ulikuwa wa rangi ya damu iliyokauka, mwembamba kama uzi, unapanda kuelekea gotini.

Ningemwambia nani? Kwa mama mkwe mimi niliumwa na nyigu. Nyigu haumi siku tatu. Ningesema bado kunauma, angeniuliza tena lile swali lake, na safari hii angenitazama machoni.

Nikachuna kamba ya mgomba, nikaifunga chini ya goti, nikaikaza sana. Nilifikiri sumu ni kama maji ya mfereji, ukiziba haipiti. Asubuhi ya siku ya nne uzi ule ulikuwa umevuka kamba. Nikafunga nyingine juu ya goti. Kule chini mguu ukawa mweusi na mgumu kama muhogo uliooza. Kwenye kinena pakatoka mtoki mkubwa kama yai la kuku, nikawa natembea kwa kuchechemea, nikasema ni mgongo. Nilipoanza kutetemeka mama mkwe akanitupia blanketi. "Baridi ya Umatengo hiyo. Watu wa ziwani ngozi yenu ya chura."

Nikashukuru kwa blanketi. Chini ya blanketi nilikuwa nikiupima ule uzi kwa vidole. Umbali uliobaki mpaka tumboni ulikuwa kiganja kimoja na nusu. Niliamini ukifika tumboni nakufa, na sijui mpaka leo kama nilikosea.

Mchana huo nilijikokota kwenda kijitoni kuteka maji. Nilijikokota kwa sababu kutokwenda kungekuwa swali. Yule bibi alikuwa pale anaosha mboga. Akanitazama ninavyokanyaga, akaweka mboga chini, akaja, akainua kanga yangu bila kuniomba.

"Mjukuu wangu," akasema, "nyigu gani huyu anayepanda mlima?"

Nikalia. Nikamwambia yote. Kwamba sikumwona. Kwamba mama alimtazama yeye kabla hata sijajibu, ndiyo maana nikasema nyigu.

Akaketi kwenye jiwe. Nilidhani atanishukuru, mjinga mimi.

"Kwa hiyo umeniokoa ili uniue," akasema. "Ukifa, hata huyo nyigu akija mwenyewe kukaa juu ya kaburi lako, watasema nyigu ni wangu. Umenifunga mimi kamba, hukufunga mguu."

Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. Kumbe alikuwa akiogopa kila siku, kicheko kile kilikuwa kifuniko tu.

Aliinuka akanishika bega, tukapanda mpaka uani kwa mama mkwe, mahali ambapo hakuwa amekanyaga miaka mingi. Mama mkwe alikuwa anapepeta, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anachonga mpini. Ungo ukasimama hewani.

"Shikamoo," mama mkwe akasema. Heshima ya umri hakuiacha hata siku ile.

"Marahaba. Mkweo hakumwona aliyemuuma."

"Wewe umejuaje?"

"Amenieleza. Tazama mguu."

Mama mkwe akatazama. Akarudi nyuma hatua mbili, akaushika mdomo. Halafu akasema, sauti ya chini kabisa, "Basi atapelekwa kwa mpiga ramli sasa hivi. Atatutajia mtu."

Mpiga ramli alikuwa ng'ambo ya kijito, karibu sana. Dresa wa serikali, yule wa kutibu vidonda, alikuwa upande wa Mbinga, mwendo wa asubuhi nzima na mgonjwa begani.

"Mpelekeni kwa dresa kwanza," yule bibi akasema. "Mimi nitafuata nyuma ya machela. Akifia njiani mmenipata, kwa miaka hii sina mbio. Akifia kwa dresa, wakati wa kurudi mnipitishe kwa mpiga ramli, na atakalosema sitabisha."

"Na asipokufa?" mama mkwe akauliza.

"Asipokufa mtaniacha nilime."

Shemeji akatupa mpini chini. "Mama, maneno hayo tumeyasikia wote. Mimi natafuta watu wa kubeba." Mama mkwe akamwacha aende. Nadhani alikuwa anamwona mwanawe akirudi kutoka Tanga anauliza mkewe yuko wapi.

Walinibeba alfajiri, kwenye blanketi lililofungwa kwenye mti, wanaume wanne wakipokezana. Kila nilipofumbua macho nilimwona bibi nyuma yetu, kifimbo mkononi, miguu mitupu, hazungumzi. Nilikuwa nikijiambia, usife, usife, yule atalipa. Kuogopa kufa nilijua. Kuogopa kufa kwa ajili ya mtu mwingine kuna uzito wake, hakukupi hata nafasi ya kujihurumia.

Dresa alikuwa kijana mwenye kaptula ya kaki. Shemeji akaanza kumweleza: kwanza tuliambiwa nyigu, kumbe hakumwona, sasa hatujui.

"Mdudu sikumuulizia," dresa akasema. "Hii siku ya ngapi?"

"Ya tano."

"Maumivu yanapungua au yanazidi?"

"Yanazidi," nikasema.

"Homa? Mtoki? Na huu mstari, umeuona tangu lini?" Akaziona kamba. "Nani amefunga hizi?"

"Mimi. Nazuia sumu."

"Dada yangu, umezuia damu. Sumu imekwisha kupita zamani." Akazikata kwa mkasi. Nilipiga kelele, watu wa nje wakadhani nimekatwa mguu.

Alipasua palipoumwa, usaha ukatoka, akanichoma sindano. Kisha akatoa penseli ya wino, zile za kulamba ncha, akachora mpaka wa kuzunguka paja pale uvimbe ulipoishia. "Wekundu ukivuka hapa kufikia kesho asubuhi, lori linampeleka hospitali kubwa ya misheni. Na huko sijui kama mguu utarudi naye."

Akawageukia wale wabebaji, amekasirika. Maneno yake nayaandika kama nilivyoyashika. Mdudu umemwona, hukumwona, shauri lako. Siku ya tatu pakiuma zaidi ya siku ya kwanza, uje. Mstari ukianza kupanda, au homa, au mtoki, usingoje hata siku iishe. Na mtu akiumwa akavimba midomo, pumzi ikaanza kubana, huyo mbebeni hapo hapo, msimalize hata kusalimiana.

Yule bibi aliketi chini kando ya kitanda, macho kwenye paja langu. Wakamletea ugali, akakataa. "Nalinda mpaka," akasema. Homa ilinichukua, sijui mengi mpaka kulipokucha. Dresa akaja, akainama, akapitisha kidole juu ya ule wino.

"Haujavuka," akasema.

Bibi akauficha uso wake kwenye kanga. Kumbe machozi alikuwa nayo.

Nilikaa kule siku tisa. Shemeji alitangulia nyumbani, akamsimulia mama yake ule mpaka wa wino na siku za dresa. Niliporudi, ahadi ilitimizwa, hakupelekwa popote. Lakini watu ni watu. Wakasema, ameona aibu, amemwachia. Wakasema, nani ajuaye njia ya kuondoa kitu kama si aliyekitia? Nami nilisikia nikanyamaza. Kumtetea ilikuwa kumwambia mama mkwe, mbele za watu, kwamba macho yake ndiyo yaliyonitia uwongo mdomoni. Sikuthubutu. Nikaenda nikimlimia vishimo vyake viwili vitatu jioni, nikidhani jembe litasema badala yangu. Jembe halisemi.

Msimu uliofuata tukawa tena shambani, majani yamelazwa, wanawake wale wale saba. Mama mkwe alikuwa mbele yangu. Ghafla akavuta mkono kutoka kwenye majani akaubana kifuani.

Majembe yakanyamaza. Mmoja akauliza, kama ilivyo desturi, "Umemwona?"

Mama mkwe akapindua majani kwa mguu. Akatazama sana. Bibi alikuwa mpakani, ametupa mgongo, jembe lake limesimama angani. Niliuona mgongo ule umekauka kama ubao.

"Sikumwona," mama mkwe akasema.

Hakutazama mpakani. Alinitazama mimi. Akaninyooshea mkono, mahali penye alama panaanza kuvimba, na kwa mkono wa pili akaokota kaa lililozimika kwenye moto tuliochomea mahindi, akanipa.

"Chora," akasema. "Leo siku ya kwanza."

Nikachora duara. Likatoka bovu. Nyuma yetu, mpakani, nikasikia jembe la bibi linaingia udongoni.