Majina yaliyofungwa ndani ya kompyuta ya Nazir

Saa nne na robo asubuhi, umeme unarudi mjini Shinyanga. Katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, Eufrasia Ngassa anaweka chini kikombe cha uji, anavuta kiti na kuwasha kompyuta. Anaingiza disketi, kisha anafungua daftari na kusoma alichoandika jana kwa penseli: herufi saba, za mwisho kujaribiwa kabla umeme haujakatika.

Kompyuta inamuuliza kama aanze upya au aendelee pale alipoishia. Anabonyeza kitufe cha kuendelea.

"Hapo ndipo moyo hunidunda," anasema bila kugeuka. "Nikikosea, kazi yote imekwenda na maji."

Eufrasia, mwenye umri wa miaka 39, ni mpiga chapa wa duka hilo. Tangu Februari mwaka huu wa 1999 anatafuta neno la siri la mtu aliyekwisha kufa.

Mtu huyo ni Nazir, mwenye duka, aliyefariki kwa kiharusi Desemba iliyopita. Kwa miaka tisa alitoa sanda bure kwa wachimbaji wa dhahabu waliofia machimboni bila ndugu, kuanzia Nyarugusu hadi Mwakitolyo. Kila aliyempa sanda alimwandika: jina, kijiji alichotoka na mahali alipozikwa. Mchwa walipoanza kula madaftari yake, alinunua kompyuta akayanakili mwenyewe, kwa kidole kimoja, mlango ukiwa umefungwa.

"Walikuja watu wakitaka majina ya marehemu ili wajifanye ndugu na kudai mashimo yao," anaeleza mjane wake, Gulnaz. "Mume wangu akasema majina haya ni amana. Akayafungia kwa neno la siri, na neno lenyewe akaondoka nalo."

Wanaoyahitaji hawajaacha kuja. Siku mwandishi wa makala haya alipofika dukani, mama mmoja kutoka Didia alikuwa ameketi kwenye benchi, kanga yake imejaa vumbi la safari. Ni mara yake ya tatu.

"Shikamoo, mayu," Eufrasia alimwamkia kwa heshima, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Imefunguka?"

"Bado, Mama Benjamini."

"Mimi sitaki kingine. Nataka kujua Benjamini amelala wapi, nikamwekee jiwe."

Eufrasia alianza kwa kubahatisha: jina la mjane, jina la duka, mwaka wa ndoa. Yote yalikataa. Ndipo fundi wa kompyuta wa Mwanza, Ankit, alipomtumia programu inayojaribu maneno yenyewe, moja baada ya jingine, maelfu kila sekunde.

Siku ya kumi na moja umeme ulikatika. Uliporudi, programu ikaanza tena kwenye herufi ya kwanza. Eufrasia alikimbia posta kupiga simu.

"Dada, hukuhifadhi mahali ilipofikia?" Ankit alimuuliza.

"Nihifadhi vipi? Hukuniambia!"

"Kosa langu," Ankit alisema, kisha akamfundisha jinsi ya kuiamuru programu iandike kila baada ya dakika kumi ilipofikia, ili ikizimika iendelee hapo hapo.

Tangu siku hiyo umeme umekatika mara sitini na tatu. Anazihesabu daftarini. Kila mara huketi mbele ya kioo cheusi, akisubiri, pengine hadi duka lifungwe. Wateja hawafiki chumba hicho, na Gulnaz hushinda mbele, kwenye kaunta. Kuna siku, anasema, neno pekee analotamka tangu asubuhi ni salamu.

Hakuna aliyemlazimisha. Mwaka 1993 mumewe, Marselino, alikwenda Nyarugusu kuchimba. Alituma barua moja, kisha kimya.

"Mwenzangu akifiwa, watu wanakuja kumlilia," anasema. "Kwangu atakuja nani? Kanisani wakigawa viti, wajane huku, wake za watu kule, mimi nasimama mlangoni."

Jumatano ya wiki iliyofuata ziara ya mwandishi, saa nane mchana, kompyuta ilisimama yenyewe. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja: hanifa2.

"Mama Gulnaz! Hanifa ni nani?"

Gulnaz alikuja akiwa na mkasi mkononi. Alisoma, akaketi juu ya robota la kitambaa. "Binti yetu," alisema. "Alifariki akiwa na miaka miwili. Miaka ishirini jina hilo hatujalitamka humu ndani. Mimi nilidhani mume wangu amelisahau."

Eufrasia alimwacha alie kwanza. Kisha akalifungua jalada. Majina mia tatu kumi na mawili.

Benjamini wa Didia yumo. Alizikwa Nyarugusu mwaka 1996, kaburi la pili kutoka njia ya kisimani. Barua ya kumwarifu mama yake imekwishapelekwa.

Marselino hayumo. Eufrasia alisoma orodha mara tatu, mara ya mwisho akiweka rula chini ya kila mstari, kama mtu asiyeamini macho yake.

"Sikujua nifurahi au nilie," anasema. "Nilikaa tu, umeme ukiwaka."

Kwa sasa anachapa barua, moja kwa kila kijiji, zipelekwe misikitini, makanisani na kwa watendaji wa vijiji. Gulnaz anazikunja na kuandika anuani. Ameanza kushinda chumba cha nyuma.

Barua ya mwisho ikitoka, Eufrasia atapanda gari la Geita, aende Nyarugusu. Amekwishamwomba Gulnaz ruhusa ya mwezi mzima, na begi lake limefungwa.

"Wafu nimeshawauliza, wamenijibu," anasema. "Nakwenda kuwauliza walio hai."