Uongo Usio na Mwenyewe

Mimi si mtu wa kukubali haraka kwamba nimeshindwa. Mama yangu anasema nina kichwa kigumu. Mume wangu ana neno lake ambalo sitaliandika hapa. Kwa hiyo binamu yangu aliponipigia kutoka Nakonde, hapo tu ng'ambo ya mpaka, akasema tuuondoe ujasusi kwenye gemu yetu, nilimwambia afanye hivyo nikishazikwa.

Gemu yenyewe ni ya simu. Kila mchezaji anatawala sayari kadhaa, anajenga meli za vita, anafanya biashara, na anazitolea macho sayari za wenzake. Binamu anaandika programu. Mimi nabuni kanuni, yaani nani anaweza kufanya nini na atapoteza nini akikifanya. Vita haikunisumbua; meli zinazopigana angani watu wameshaziona kwingi. Sehemu niliyoitolea jasho ni ujasusi: huzioni meli za adui kwa macho yako, unategemea taarifa za majasusi wako, na adui anaweza kuzichafua taarifa hizo kwa kubonyeza kitufe cha uongo. Ikitolewa hiyo, ninabaki na jina langu tu kwenye gemu ya mtu mwingine.

"Iwe, watu hawautumii," binamu alisema, kwa ile "iwe" ya Nakonde, yaani "wewe". "Naona huku kwenye kompyuta. Wanapigana, wanauza, wanajenga. Kitufe cha uongo hakuna anayekigusa."

"Nipe muda."

"Mpaka mwisho wa mwezi, sista. Baada ya hapo nakitoa."

Aliniudhi, hasa kwa sababu hakuwa amekosea. Uongo ni mgumu kuubuni. Mwanzoni kila taarifa ilikuja na rangi, kijani kwa ya kuaminika na nyekundu kwa ya kutilia shaka. Wachezaji wakaacha kusoma taarifa, wakawa wanasoma rangi. Nikaziondoa. Sasa taarifa ya kweli na ya uongo zikafanana kabisa, na aliyepoteza sayari kwa kuamini uongo akaona gemu imemwibia, maana hakuwa na njia yoyote ya kujua. Akaifuta kwenye simu. Nilichokitafuta kilikuwa katikati hapo: uongo ambao ukishakupata unajipiga paji la uso na kujiuliza ulikuwa unatazama wapi.

Na kama nisingeupata hapa kwetu Tunduma, ningeupata wapi? Mji huu unaishi kwa habari. Mpaka unafungwa, mpaka umefunguliwa, mahindi yamepanda upande wa pili, malori yamezuiliwa. Nyingi hazina kichwa wala miguu, lakini mizigo inapakiwa na kupakuliwa kwa sababu yake. Mama amefanya biashara ya mahindi katikati ya habari hizo tangu sijazaliwa.

Jumapili moja baada ya ibada niliwaita nyumbani, mama na majirani wachache, tujaribu tena. Mama hucheza drafti kwenye simu kuliko vijana wengi, na zile sayari kwake ni masoko tu. Mume wangu, ambaye ni wakala wa forodha pale mpakani, naye alikubali kucheza. Mama alipoingia, mume wangu aliinuka, akamwamkia kwa mbali akiwa ameinamisha macho, akachukua kiti chake akahamia uani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na la kuambiana linapitia kwangu.

Baada ya muda nilikwenda uani kuchungulia simu ya mume wangu. Alikuwa ameingiza jasusi kwenye sayari ya mama, na kupitia kwake alikuwa anamtumia mama taarifa za meli zake yeye mwenyewe. Zote za kweli.

"Unafanya nini wewe?"

"Namtaarifu."

"Huyo ni adui yako!"

"Ni mama yako," alisema, tena kwa sauti ya chini. "Unataka nimdanganye mama mkwe? Kwa maandishi?"

Nikarudi sebuleni. Mama alikuwa anazungusha meli zake mbali kabisa na sayari za mume wangu, anavamia majirani wengine tu. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mtoto aliyetukana kanisani. "Nimwendee mkwe na majeshi? Watu watasemaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira ikanipanda kabla sijacheka. Wajaribu wetu karibu wote, kuanzia Ndalambo hadi Nakonde, walikuwa ndugu. Wakwe, wajomba, mashangazi. Nilikuwa nawaomba watu wawadanganye wale ambao hata kuwatazama vizuri hawaruhusiwi. Hakuna aliyeuchukia ujasusi. Kitufe changu kilikuwa kinauweka uongo mdomoni mwa mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe hakuutaka mdomoni mwake.

"Mwambie baba huko nje chai iko tayari," mama aliniita, akimtaja mume wangu kwa heshima, "kama hiyo simu imempa nafasi."

Nikatoka mlangoni nikasema, "Mama anasema chai tayari."

Ile kejeli ya simu niliiacha njiani, kama nilivyoacha mengine mengi tangu niolewe. Nikabaki nimesimama pale mlangoni, chupa ya chai mkononi. Neno likipita kwa mtu wa tatu hufika limekuwa jingine, na likishafika halina mwenyewe. Hata sokoni, hakuna anayesema yeye ndiye aliyesema bei imeshuka. Husema, "Wanasema."

Wiki ile sikupika cha maana. Nilikifuta kitufe cha uongo. Sasa mchezaji hamdanganyi mtu. Anaangusha tetesi kwenye bandari ya biashara, na meli za wachuuzi zinaibeba sayari hadi sayari, kila bandari ikiipunguza au kuiongezea kitu. Anayeipokea haoni rangi. Anaona tu meli gani imeileta na ilipitia wapi. Akiwa makini atajiuliza, huyu mchuuzi ametoka upande ule, ya upande huu ameyajuaje? Binamu alilalamika kwamba namuua kwa kazi. Nikamwambia asife kabla hajamaliza, akamaliza.

Jumapili ya mwisho ya mwezi walikaa vilevile, mama sebuleni, mume wangu uani, binamu akiwafuatilia kutoka Nakonde. Mchezo ulikwenda polepole. Halafu zikaenea tetesi kwamba sayari tajiri kuliko zote za mama imeachwa bila ulinzi. Zililetwa na meli iliyotoka bandari ya mama mwenyewe, kana kwamba kuna mtu anayejitangazia udhaifu, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa wazi mbele ya macho ya mume wangu. Hakulisoma. Akatuma meli zake zote, maana kuchukua sayari isiyo na mlinzi si kupigana na mama mkwe. Zilipofika zikakuta jeshi zima la mama linazisubiri.

Uani ulisikika ukelele. Mama alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mimi sijamwambia kitu," alisema. "Ni wachuuzi hao."

Mume wangu alikuja hadi kizingitini, macho chini. "Mwambie mama amenimaliza. Amecheza vizuri sana, na mimi nimekubali."

Furaha ilinijaa, lakini nilimjua binamu. Mchezo mmoja angesema ni bahati. Alitaka kuona mtu aliyedanganywa akirudi tena kwa hiari yake. Na mama alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake, kashinda, anakwenda zake.

"Amesema nini?" aliniuliza.

"Anasema ulibahatisha."

Kicheko kilikatika. Mama aliweka kiatu chini. "Amesema hivyo? Mkwe wangu?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Mwambie aanze upya."

Nikatoka kwenda uani. "Mama anaomba mrudie," nilimwambia mume wangu. "Anasema safari hii atakuonea huruma."

Akaivuta simu, akaanza upya. Hata chai yake haikuwa imepoa, ujumbe wa binamu ukaingia: "Wale wawili wameanza tena. Ujasusi unabaki."