Mwalimu wa Kuingia Ukumbini

Wanamwita mwalimu, na kazi yake ni kuwafundisha maharusi kuingia ukumbini kwa mbwembwe: hawa wabebwe juu ya viti, wale watokee kwenye moshi wakikata viuno. Vidole vyake havitulii, anavialisha, ta! ta!, akihesabu hatua, na jasho analifuta kwa tai. Sauti hapandishi. Hata kumfukuza mtu anamfukuza kama anayemkaribisha chai. Siku ya mazoezi, bibi wa bi harusi mmoja, aliyemlea mjukuu huyo tangu mama mtu afariki, alijipanga nyuma yake na mkongojo wake, tayari kuingia naye. Mwalimu akamshika kiwiko, akampeleka taratibu hadi kwenye kiti cha ukutani.

“Bibi yangu, hapa utawaona vizuri. Muziki wenyewe una kasi.”

“Mtoto huyo kutembea nilimfundisha mimi,” bibi akasema, “na muziki haukuwapo.”

Mwalimu akacheka kidogo, akampapasa bega. Bibi akamtazama mjukuu wake, akingoja aseme neno. Mjukuu alikuwa amesikia, maana alisimama katikati ya hatua. Akamgeukia mwalimu.

“Basi tuanze upya. Sasa hapo nyuma pana nafasi ya kuzunguka.”