Kazi ya Kukinga Upepo

Upepo wa Singida hauna adabu. Asiyeujua aje awashe njiti ya kiberiti juu ya mawe yetu, nyuma ya shule, pale karibu na Kiomboi, aone. Peke yako huwezi. Ndiyo maana tulikuwa wanne: mmoja anawasha fegi, watatu tunamzunguka, vifua vimebanana, mashati tumeyafungua kukinga upepo. Fegi moja tulipokezana mpaka kipisi kiunguze vidole. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sina ndugu wa tumbo moja. Wale ndio walikuwa ndugu zangu.

Kisha kifua kikaanza kunibana, mama akanipeleka hospitali. Wakati tunarudi alisema, "Mwanangu, ukinifia wewe, mimi nibaki na nani?" Nikaapa kuacha, na nikaacha kweli.

Wenzangu wakacheka. "Oyaa, mchungaji kaja! Piga pafu moja tu, mwanetu, haliui." Nilikataa, ingawa jamani nilitamani mpaka mate yakanijaa mdomoni. Mawe niliendelea kuyapanda kila jioni, maana bado nilikuwa na kazi: kukinga upepo. Bila kifua changu njiti zilizimika.

Shida ikawa nyumbani. Mama alinusa shati langu kila nilipoingia. "Unanuka moshi. Unanidanganya mimi niliyekuzaa?" Nimweleze nini? Kwamba nasimama tu pale wenzangu wavute? Akageukia mlenda wake jikoni.

Siku moja nikawakuta na kiberiti kipya cha gesi, kile cha moto wa bluu usiojali upepo. Walikuwa wamekaa, migongo wameegemea jiwe. Mmoja akakibonyeza, fegi ikawaka hapo hapo. Mimi nimesimama, vifungo vya shati nimeshafungua. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenisogezea nafasi. Nikafunga vifungo, nikashuka polepole nikitegemea hata mmoja ataniita. Thubutu!

Wiki nzima sikurudi. Wala hakuna aliyekuja kuniulizia, na iliniuma, sitaki kudanganya.

Jumapili mama akanivuta, akanusa shati, kola, mpaka viganja. Uso ukamng'aa. "Haleluya! Mwanangu umeacha!" Nikalia pale pale begani kwake kwa kwikwi. Akadhani ni furaha, akatoka kunikamatia jogoo. Tukamla wawili, mimi na yeye, na nyama ikabaki nyingi.